Msimu Umefika Katikati na Timu ya Chuo Inapigwa: Mwongozo Kamili wa Kuirekebisha Bila Kubomoa Kila Kitu

Kuna kosa moja nimeliona likirudiwa mpaka limenichosha. Timu ya kikapu ya chuo inaanza msimu vizuri, inashinda mbili tatu, alafu ikifika katikati inaanza kupigwa mfululizo, na kitu cha kwanza kocha anachofanya ni kuongeza. Anaongeza muda wa mazoezi, anaongeza seti mpya (mipango ya kushambulia), anaongeza mbio. Wiki mbili baadaye vijana wamechoka, seti hawazijui, na kupigwa wanapigwa vile vile.

Mi mwenyewe nimeshalifanya, sijifichi. Niliwaletea vijana seti nne mpya ndani ya wiki moja, mechi iliyofuata pointgadi wangu, yule anayeongoza mashambulizi, akanyanyua vidole vitatu, wawili wakakimbilia kona ya kulia, mmoja akaja kumwekea skrini (kumzibia mlinzi wake njia), wa nne kasimama katikati ya uwanja ananiangalia mimi kwenye benchi kama mtu aliyeshushwa kituo sicho. Refa akapuliza, sekunde 24 za kushambulia zimeisha na hatujarusha hata mpira mmoja.

Katikati ya msimu hujengi timu mpya, unatafuta panapovuja unapaziba. Ndo kazi yote ya mwongozo huu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Video za mechi zenu 4 au 5 za mwisho. Simu tu inatosha, iwekwe juu kwenye majukwaa, usawa wa mstari wa katikati, ionyeshe wachezaji wote 10. Anayerekodi asiufuate mpira kwa kuuvuta karibu, maana makosa mengi yanatokea kwa watu wasio na mpira.
- Skoshiti, yaani karatasi za alama, za mechi hizo. Kumbuka skoshiti ya kawaida ina pointi, faulo na taimauti, haina ribaundi (mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa) wala mipira iliyopotea. Hivyo utavitoa kwenye video.
- Daftari moja la timu, na mtu mmoja wa kuhesabu ambaye sio kocha. Mchezaji majeruhi anafaa sana kwa hii kazi, inamweka ndani ya timu.
- Ratiba ya mechi zilizobaki pamoja na ratiba ya mitihani. Timu za vyuo zinasahau hii ya pili kila mwaka.
- Stopuwachi na tepu ya kubandika chini.

## Hatua ya 1: Hesabu kabla hujalaumu mtu

Ukimuuliza kocha kwa nini wanafungwa, nane kati ya kumi (hii nimekisia mwenyewe, msininukuu) atakwambia "hatupigi vizuri". Kukosa kunaonekana, kila mtu ukumbini anakuona, lakini mara nyingi shida iko kwingine.

Kwa kila mechi andika, kwenu na kwa wapinzani: mitupo mliyorusha, iliyoingia, ya pointi tatu iliyoingia, fri-throo (mitupo huru baada ya faulo), ribaundi za kushambulia (kwenye ringi ya wapinzani), ribaundi za kuzuia (kwenye ringi yenu), na mipira mliyoipoteza.

Alafu tafuta idadi ya zamu, yaani mara ngapi timu imepata mpira na kuumaliza. Fomula ni hii: mitupo, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotea, ongeza fri-throo ukizidisha kwa 0.44. Hiyo 0.44 ni kwa sababu sio kila fri-throo inamaliza zamu, unapiga mbili kwa zamu moja, nyingine ni ya nyongeza baada ya kufunga ukiwa umefanyiwa faulo.

Mfano wa kutunga ili uone inavyofanya kazi. Nyie: mitupo 62, imeingia 24, kati yake za pointi tatu ni 5, fri-throo 12 kati ya 20, ribaundi za kushambulia 10, mipira iliyopotea 18. Wao: mitupo 70, imeingia 26, za pointi tatu 6, fri-throo 12 kati ya 18, ribaundi za kushambulia 14, iliyopotea 15. Mmefungwa 70 kwa 65.

Piga hesabu ya zamu, kila timu inapata kama 79. Sasa angalia upigaji: chukua iliyoingia, ongeza nusu ya zile za pointi tatu zilizoingia, gawa kwa mitupo. Nyie mna asilimia 42.7, wao 41.4. Kumbe mmepiga vizuri kuliko wao! Mmefungwa kwa sababu wao wamerusha mara 8 zaidi yenu, kwa kuwa nyie mnapoteza mpira alafu mnawaachia ribaundi. Kocha wa hii timu akiongeza saa moja ya kupiga mitupo kila siku anapoteza muda wa watu.

Mchambuzi Dean Oliver ndo aliyeigawa hii kitu kwenye mambo manne na akayapa uzito: upigaji 40, kupoteza mpira 25, ribaundi 20, kwenda kwenye fri-throo 15. Uzito huo sio amri kwa timu yako, ila unakusaidia usiache jambo kubwa ukahangaika na dogo.

Angalizo: usifanye hii kwa mechi moja. Mechi moja inadanganya, mtu mmoja akiwa na siku nzuri ya mitupo ya pointi tatu picha yote inageuka. Mechi 4 ndo mwanzo.

Utajua umefaulu ukiweza kusema sentensi moja yenye namba ndani: "tunapoteza mpira mara 18 kwenye zamu 79". Ukisema "vijana hawana morali" hujamaliza hatua ya 1.

## Hatua ya 2: Fungua video, tafuta jinsi, sio nani

Sasa chukua lile tundu kubwa ulilolipata na uliangalie moja moja. Tuseme ni mipira inayopotea. Kila uliopotea andika vitu vitatu: sehemu ya uwanja, kitu gani kilisababisha, na nini kilitokea sekunde 5 zilizofuata.

Hicho cha tatu ndo watu wanakiruka na ndo chenye utajiri. Mpira uliotoka nje au travelingi (kutembea na mpira bila kudribo) ni hasara, sawa, lakini mna muda wa kujipanga kuzuia. Mpira ulionyakuliwa mchezo ukiendelea hapo juu ya uwanja ni leiapu (mtupo wa karibu kabisa na ringi) ya bure upande wa pili, umepoteza zamu yako na umewapa wao zamu rahisi kuliko zote kwenye mchezo huu. Mipira 18 iliyotoka nje na mipira 18 iliyonyakuliwa sio timu moja hata kidogo.

Mara nyingi utakuta vyanzo ni viwili vitatu tu vinajirudia. Mchezaji anaacha kudribo kabla hajaona wa kumpa. Pasi ya kuvuka uwanja inaelea juu kama puto. Mtu anasubiri pasi amesimama, hasogei kuifuata, mlinzi anapita mbele yake anaondoka nayo.

Angalizo: ukianza kuandika majina utaishia kuwa na kesi badala ya takwimu. Majina yanakuja hatua ya 4, faragha.

## Hatua ya 3: Chagua mambo mawili, mengine yaache

Mawili. Sio matano. Timu ya chuo katikati ya msimu ina mazoezi mawili au matatu kwa wiki kukiwa na mechi, ukitoa kupasha moto na kunyoosha viungo unabaki na saa mbili au tatu hivi za kazi ya kweli. Humo hakuna nafasi ya kufundisha mfumo mpya.

Ukiwa hujui uanzie wapi, mi napanga hivi, na kuna makocha watakaonibishia: kwanza kurudi kuzuia baada ya kupoteza mpira au kukosa, pili kupoteza mpira kwenyewe, tatu ribaundi za kuzuia, nne uchaguzi wa mitupo. Kisa ni kwamba vya juu vinahitaji uamuzi na mguu, vinabadilika ndani ya wiki mbili. Mkono wa kupiga tatu haubadiliki ndani ya wiki mbili, huo ni wa likizo.

Kitu pekee kipya ninachoruhusu kuingiza ni kama hamna kabisa namna ya kutoka kwenye presi (wapinzani kuwabana uwanja mzima), au hamna seti hata moja ya kuingiza mpira kutoka nje ya mstari wa chini ya ringi. Hapo ingiza moja, rahisi, isiyo na majina matatu.

## Hatua ya 4: Kaa na kila mchezaji dakika 5

Hii inarukwa kwa sababu haionekani kama mazoezi. Ila mchezaji wa chuo katikati ya msimu ana maswali ambayo hakuulizi mbele ya wenzake: kwa nini dakika zangu zimepungua, mi kazi yangu ni ipi, nikikosa mbili unanitoa?

Nilikuwa na fowadi mmoja alikuwa anarusha tatu mapema mno, saa ya mashambulizi bado ina sekunde 19 yeye kesharusha. Tulimpigia kelele mwezi mzima. Siku nimekaa naye nikamuuliza taratibu, akanijibu, "Kocha, nikitoa pasi sirudishiwi, sasa nitafunga saa ngapi?" Nikarudi kwenye video, kweli bana, mpira ukitoka mkononi mwake haurudi. Tatizo nililoliita uchoyo lilikuwa ni la timu nzima kutouzungusha mpira.

Kila mtu atoke na sentensi mbili tu, moja ya anachofanya vizuri na kiendelee, nyingine ya kazi yake kwenye yale mambo mawili mliyochagua. "We ndo wa kwanza kurudi chini ya ringi yetu kila tukirusha." Basi.

Utajua umefaulu ukimuuliza mchezaji wa mwisho kwenye benchi kazi yake ni nini akakujibu bila kufikiria.

## Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe

Kanuni kabla ya yote: zoezi lifanane na mechi. Kuzunguka koni peke yako hakuna mtu anayekunyang'anya, kwenye mechi yupo. Na kila zoezi liwe na alama ubaoni, vijana wa chuo ukiwawekea alama wanakuwa watu wengine kabisa.

Kurudi kuzuia. Watano wanaoshambulia wanapanga mstari chini ya ringi moja, watano wa kuzuia wanasimama mbele yao wakiwatazama, usawa wa mstari wa fri-throo. Kocha anampa mpira mmoja wa washambuliaji na hapo hapo anaita jina la mlinzi. Aliyeitwa lazima akaguse mstari wa chini ya ringi kabla ya kukimbia kurudi, kwa hiyo wanne wanazuia watano mpaka afike. Wa kwanza kurudi anakaa chini ya ringi, wa pili anasimamisha mpira, wa tatu anatafuta mpigaji, na wote wanaongea kwa sauti. Wakinyamaza simamisha, rudia. Kosa utakaloliona kila mara ni watu wawili kumfuata mwenye mpira na kuacha ringi tupu.

Kulinda mpira. Wanne kwa wanne nusu uwanja, kudribo marufuku. Hapo watalazimika kusogea kuifuata pasi, kugeuka kwa pivoti (mguu mmoja umebaki pale pale), kudanganya juu na kupitisha chini. Wakizoea ongeza mlinzi wa tano. Pasi 10 ni alama moja, mpira ukipotea toa mbili. Dakika 8 zinatosha, zaidi ya hapo wanakuwa wavivu na unafundisha uvivu.

Ribaundi za kuzuia. Watu wanaangalia mpira ukiwa hewani, ndo ugonjwa mkubwa. Mtupo ukitoka, mtafute mtu wako kwanza, mguse kwa mkono, mgeuzie mgongo umzuie, alafu ndo uufuate mpira. Cheza watatu kwa watatu, walinzi hawatoki mpaka wachukue tatu mfululizo. Na waambie sababu: kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mpinzani akichukua ribaundi ya kushambulia anapewa sekunde 14 mpya, na wakati huo walinzi wako wote wametawanyika.

Uchaguzi wa mitupo. Hapa sitokaa sana, hesabu inajieleza. Mtupo wa mbali wa pointi mbili unaoingia asilimia 40 una thamani ya pointi 0.8. Wa pointi tatu unaoingia asilimia 33 ni kama pointi 1. Fri-throo mbili za mtu wa asilimia 70 ni 1.4. Bandika tepu kwenye eneo la mbili ndefu, na kwenye mechi ya mazoezi mtupo wa kutoka hapo kabla ya sekunde 8 za mwisho za saa ya mashambulizi hauhesabiwi hata ukiingia. Watalalamika siku mbili tu.

Fri-throo wapige wakiwa wamechoka, mbili mbili katikati ya mazoezi na pumzi juu. Kupiga 50 mwishoni umetulia hakufanani na chochote kitakachokutokea robo ya nne.

## Hatua ya 6: Miguu na usingizi

Kama mechi zenu zinaharibikia robo ya tatu na ya nne, kabla hujasema vijana hawana moyo angalia wiki yao ilivyokuwa. Huenda hawana miguu.

Fupisha mazoezi, dakika 75 hadi 90 zenye kasi zinazidi saa mbili na nusu za kusimama simama. Siku ya pili baada ya mechi waliocheza dakika nyingi wapige mitupo mepesi, wanyooshe viungo, wasiruke. Wale wa benchi ndo wafanye kazi ngumu siku hiyo.

Mwaka 2011 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya wachezaji 11 wa timu ya chuo hicho walioambiwa walenge saa 10 kitandani kila usiku kwa wiki kadhaa. Fri-throo zao zilipanda kwa asilimia 9 na mitupo ya pointi tatu kwa asilimia 9.2. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, usiichukue kama msahafu, lakini hakuna zoezi ninalolijua linalotoa hayo kwa wiki chache na bure. Wakati wa mitihani sasa hesabu mwenyewe wanalala ngapi. Wiki hizo punguza zoezi moja, usipigane na kalenda.

Angalizo: maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti yanayozidi akiruka, punguza miruko mapema na apelekwe kwa daktari, usisubiri achechemee. Enka (kifundo cha mguu) ndo inayoumia zaidi kwenye kikapu na iliyowahi kuteguka inateguka tena kirahisi, kwa hiyo kusimama mguu mmoja na mazoezi ya mizani yawe sehemu ya kupasha moto. Aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu anatoka, harudi siku hiyo hata aseme yuko fresh.

## Hatua ya 7: Benchi, faulo na dakika za mwisho

Zungusha watu kwa mpango ulioandikwa kabla ya mechi, kwa sababu ukiamua ukiwa na hasira utaamua vibaya. Andika nani anaingia dakika gani ya robo, alafu faulo ndo zibadilishe.

Kwa sheria za FIBA timu ikishafanya faulo 4 kwenye robo, ya tano inawapeleka wapinzani kwenye fri-throo mbili. Timu nyingi za vyuo zinamaliza hizo 4 dakika ya tano kwa kugusa watu mbali na ringi bila sababu yoyote. Mtu mmoja kwenye benchi kazi yake iwe kutaja namba kwa sauti. Kama mnacheza kwa sheria tofauti, mfano za vyuo vya Marekani ambako wanaume wana nusu mbili za dakika 20 na saa ya sekunde 30, badilisha namba, kazi inabaki ile ile.

Kila wiki tenga dakika 10 za kucheza mwisho wa mechi. Weka saa sekunde 40, mko nyuma kwa 3, mpira wenu. Rudia mko mbele kwa 2, mpira wao. FIBA inakupa taimauti 3 nusu ya pili ya mechi, na ndani ya dakika 2 za mwisho mkiwa na mpira upande wenu mnaweza baada ya taimauti kuchagua kuingizia mbele. Utashangaa wangapi hawajui hilo, na nahodha lazima alijue.

Kwenye taimauti sema mambo mawili. La tatu hawalisikii, wanakunywa maji.

## Hatua ya 8: Pima baada ya mechi 3, sio kabla

Chukua lile daftari, hesabu upya yale mambo mawili tu. Mlikuwa mnapoteza 18, sasa 14? Imekaa, endeleeni hivyo hivyo hata kama mmefungwa mbili kati ya hizo tatu, kwa sababu ratiba nayo ina mikono yake na labda mmekutana na timu bora.

Namba zimeganda? Kabla ya kubadilisha jambo, badilisha zoezi. Mara nyingi utakuta zoezi lilikuwa jepesi, walinzi walikuwa wanacheza nusu nguvu kwa sababu ni marafiki, au kocha alikuwa anasimamisha kila sekunde 20 kuhutubia. Cheza bila kusimamisha dakika 4 nzima, alafu ndo useme.

Namba zimekuwa nzuri ila pengo la pointi halijapungua? Rudi hatua ya 1 na uangalie upande wa wapinzani, kuna tundu la pili limefunguka. Kawaida ni ribaundi: vijana wamejifunza kurudi mbio kuzuia mpaka hakuna anayebaki kugombania mpira mbele, au wamerudi wote lakini wamesimama wanautazama ukiwa hewani. Hilo la kwanza liache kama lilivyo mpaka msimu uishe. La pili ni watatu kwa watatu, dakika 8, kuanzia mazoezi yajayo.